Mtoto Aliyewalisha Wakubwa

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, wewe unayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, unakijua kisa cha mwisho wa mwezi. Unaijua karatasi ya mshahara, na unayajua makato yaliyomo. Basi leo nataka nikusimulie habari za mfanyakazi mmoja aliyefanya kazi kwa karibu miaka kumi na minane, akaingiza zaidi ya dola milioni tatu, na siku alipouliza hesabu yake akakuta imesalia dola 44,000. Mfanyakazi huyo alianza kazi akiwa na umri wa miaka mitatu.

Jina lake Shirley Temple. Alizaliwa tarehe 23 Aprili, 1928, katika mji wa Santa Monica, jimbo la California, nchini Marekani. Baba yake, George, alikuwa mtu wa benki. Mama yake, Gertrude, alikuwa mwanamke wa nyumbani mwenye wavulana wawili, na alipojaliwa binti aliielekeza nia yake yote kwa mtoto huyo. Mwaka 1931 akamwandikisha katika shule ya dansi mjini Los Angeles, na huko ndiko kampuni ndogo ya filamu, Educational Pictures, ilikomwona.

Kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta watoto wa kuigiza vichekesho vifupi vilivyoitwa Baby Burlesks. Ndani yake watoto wadogo, waliofungwa nepi kwa pini kubwa, waliiga mambo ya watu wazima: ya askari vitani, ya wanasiasa, hata ya wanawake wa vilabuni. Wakubwa waliviona vinachekesha. Mimi nilipovisoma habari zake sikucheka. Malipo yalikuwa dola 10 kwa kila siku ya kupiga picha, nazo siku za mazoezi, zilizokuwa nyingi kuliko za kupiga picha, hazikulipwa hata senti.

SANDUKU LA BARAFU

Mwaka 1988, akiwa mwanamke wa miaka 60 na wazazi wake wote wawili wamekwisha fariki, Shirley alichapisha kitabu cha maisha yake alichokiita Child Star. Humo alieleza jambo ambalo watazamaji wake hawakupata kulijua. Katika chumba cha kupigia picha kulikuwa na sanduku jeusi la mafundi wa sauti, na ndani ya sanduku hilo liliwekwa pande la barafu. Mtoto aliyesumbua, au aliyeshindwa kufuata alivyoelekezwa, alifungiwa humo peke yake, gizani, na pa kukalia hapakuwa ila juu ya barafu hiyo. Watoto hao walikuwa na umri wa miaka mitatu, minne na mitano. Shirley aliingizwa humo mara kadhaa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba somo alilolipata ni kuwa muda ni fedha, na mwenye kupoteza muda wa kazi hujitafutia balaa. Somo kama hilo, msomaji, hata vibaruwa wa bandarini huchukua miaka kulielewa.

Kimojawapo cha vichekesho hivyo kilidai kuonyesha Afrika. Afrika hiyo ilitengenezwa California kwa majani na rangi, na watoto weusi wa Los Angeles wakavishwa kama watu walao watu. Ilitakiwa watoto hao waanguke wote kwa mara moja, kana kwamba wamepigwa mishale. Mwongozaji wa filamu hakutaka kupoteza muda kwa kuwafundisha. Alinyoosha waya mwembamba katika njia yao, kimo cha miguu, nao walipokuja mbio wakajikwaa wakaanguka kweli, na miguu yao ikaumia kweli. Shirley alikuwapo, na miaka hamsini na zaidi baadaye bado alikuwa akilikumbuka. Majina ya watoto hao hayakuwekwa katika tangazo lolote la senema.

DAWA YA MAKABWELA

Kampuni ile ndogo ilifilisika, na mwisho wa mwaka 1933 Shirley akachukuliwa na kampuni ya Fox kwa dola 150 kwa juma. Ili uelewe yaliyofuata, huna budi kuikumbuka hali ya Marekani ya wakati huo. Tangu masoko ya hisa yaanguke mwaka 1929, viwanda vilifungwa, benki zilikufa, na kufika mwaka 1933 mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Watu walipanga foleni kwa supu na mkate.

Katikati ya dhiki hiyo akatokea mtoto mwenye vishimo mashavuni, anayeimba, anayecheza dansi, na asiyejua kukata tamaa. Filamu iliyomtambulisha mwaka 1934, Stand Up and Cheer!, ilikuwa na kisa cha rais aliyeunda wizara ya furaha ili kuwaondolea raia huzuni. Hawakuona haya kuitangaza dawa yao hadharani! Mwaka huo huo ikatoka Bright Eyes, na jina lake likaenea kote. Julai, 1934, mshahara wake ukapandishwa kuwa dola 1,000 kwa juma, na mama yake akawekewa dola 250 kwa juma kwa kazi ya kumwandaa. Februari, 1935, akiwa na umri wa miaka sita, Academy ya filamu ilimpa sanamu ndogo ya heshima, naye akawa mtoto wa kwanza kuipata. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna mchezaji yeyote Marekani, mwanamume wala mwanamke, aliyevuta watazamaji wengi kuliko yeye.

Ukizitazama filamu hizo mfululizo utagundua kisa ni kile kile. Yuko yatima, au mtoto aliyepotelewa na mzazi. Yuko tajiri mwenye moyo mgumu, aghalabu mzee. Mtoto anaimba, tajiri analainika, na kila mtu anapata riziki yake. Hakuna chama cha wafanyakazi, hakuna mgomo. Tabasamu la mtoto linatosha. Siwalaumu waliozipenda. Mtu aliyeshinda foleni ya supu kutwa nzima ana haki ya saa moja na nusu ya kusahau. Hata hivyo, matajiri wa Marekani hawakulainishwa na nyimbo, na waliolijua hilo kuliko wote ni wenye studio.

Nyumbani kazi iliendelea. Kila usiku mama alimsokota nywele kwa pini, na kila asubuhi kichwa kile kilikuwa na misokoto 56, si zaidi wala si pungufu. Kabla ya kila picha alikuwa akimwambia ang'are. Na kwa kuwa mtoto mdogo ana thamani kubwa kuliko mtoto mkubwa, mwaka mmoja ulikatwa katika umri wake na cheti cha kuzaliwa kikasahihishwa. Shirley mwenyewe hakujua. Siku aliyodhani kuwa anatimiza miaka 12, mama yake alimwambia kuwa kwa kweli anatimiza 13. Mwaka mzima wa maisha yake uliibwa na kurudishwa siku ya sherehe.

Lakini usidhani alikuwa sanamu la udongo. Alikuwa mtoto, mtundu kama wako. Mwaka 1938 familia ya Rais Roosevelt ilimwalika nyumbani kwao Hyde Park. Mke wa Rais, Bibi Eleanor, alipoinama kuchoma nyama, mgeni wake alichomoa manati mfukoni na kumpiga kijiwe nyuma. Mama yake, inasemekana, alimtandika kofi alipofika hotelini.

NGAZI

Jambo moja katika filamu zake sitaki lipite haraka. Mwaka 1935, katika The Little Colonel, Shirley alicheza dansi na Bill Robinson, maarufu kwa jina la Bojangles. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Richmond, Virginia, mwaka 1878, aliyefiwa na wazazi angali mtoto na kulelewa na bibi yake. Alikuwa fundi wa dansi ya kugonga visigino na vidole, na sifa yake kubwa ilikuwa ni kupanda na kushuka ngazi kwa miguu inayopiga mlio kama ngoma ndogo. Katika filamu hiyo mzee na mtoto wanashikana mikono na kupanda ngazi pamoja, hatua kwa hatua.

Ilikuwa mara ya kwanza katika senema za Hollywood kwa mtu mweusi na mtu mweupe kucheza dansi wawili wawili. Katika majimbo ya kusini sehemu ile ilikatwa, ili watazamaji wasiuone mkono mweusi umeushika mkono mweupe. Mzee wa miaka 56 na mtoto wa miaka sita! Na tazama nafasi aliyopewa Bojangles: mtumishi wa nyumbani katika filamu hiyo, na katika The Littlest Rebel ya mwaka huo huo, mtumwa mwaminifu. Kipaji kilikubaliwa kwa sharti kiingie kwa mlango wa jikoni.

Shirley alimwita Uncle Billy mpaka mwisho. Wakubwa waliomfundisha kazi walikuwa wengi, ila huyu alimkumbuka kuwa ndiye aliyemfundisha kama mwenzake, wala si kama mdoli. Bojangles alifariki mwaka 1949. Fedha nyingi alizochuma zilikuwa zimekwisha zote.

MTOTO AMEKUA

Mwaka 1940 filamu ya The Blue Bird haikuingiza fedha, mtoto alikuwa amerefuka, na wazazi wakavunja mkataba na Fox. Alikuwa na miaka 12. Kwa mara ya kwanza akapelekwa katika shule yenye wasichana wenzake. Aliendelea kucheza filamu chache, mojawapo ikiwa Fort Apache ya mwaka 1948 chini ya mwongozaji John Ford, lakini watazamaji waliompenda akiwa na vishimo mashavuni hawakujua wamfanye nini sasa.

Mwaka 1945, akiwa na miaka 17, aliolewa na John Agar, askari aliyegeuka kuwa mchezaji wa filamu. Walipata binti mmoja, na mwaka 1949 ndoa ikavunjika. Mwaka 1950, huko Hawaii, alikutana na Charles Black, mfanyabiashara aliyedai kuwa hajapata kuona filamu yake hata moja. Wakaoana Desemba mwaka huo. Nadhani hakuna mahari ambayo ingemfurahisha mwanamke yule kuliko maneno hayo.

Ndipo alipouliza habari za fedha zake.

HESABU

Alikuwa na miaka 22. Mishahara yote, pamoja na malipo ya midoli, magauni, vitabu na matangazo yaliyobeba sura yake, ilifikia dola milioni 3.2. Iliyokuwapo ni dola 44,000. Hakuna mwizi aliyevunja dirisha. Fedha zilikwenda katika nyumba, katika watumishi, katika mshahara wa kila mtu aliyemzunguka, katika jamaa waliokopa, na katika biashara ambazo baba yake alishauriwa vibaya. Baba huyo aliacha kazi ya benki ili asimamie mali ya mwanawe. Mahakama ilikuwa imemwamuru aweke sehemu ya mapato ya mtoto katika akiba maalumu, naye hakuweka kama alivyoamriwa.

Na yuko mtoto mwingine aliyetangulia. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima alitaka fedha zake, zilizokadiriwa kuwa dola milioni tatu au nne. Mama yake na baba yake wa kambo wakajibu kwamba kwa sheria ya California, kila anachochuma mtoto ni mali ya mzazi. Nao walisema kweli: ndivyo sheria ilivyokuwa. Coogan alikwenda mahakamani mwaka 1938 na mwisho akapata dola 126,000 tu. Aibu hiyo ilizaa sheria mwaka 1939, inayoitwa hadi leo kwa jina lake, iliyotaka sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe mahali ambapo mzazi hafiki. Sheria ilikuwa na matundu mengi; kisa cha Shirley ni ushahidi. Hata mwaka 2000 ndipo ilipotengenezwa upya, ikatamka kwamba mapato ni mali ya mtoto mwenyewe na kwamba asilimia 15 lazima iwekwe akiba.

Usidhani mambo haya ni ya zamani na ya mbali. Siku hizi mzazi hahitaji studio. Simu iliyomo mfukoni ina kamera, na mtoto anayecheza sebuleni aweza kutazamwa na watu milioni moja kabla ya chakula cha jioni, matangazo yakalipwa, na fedha zikaingia kwa jina la baba au la mama. Mwaka 2024 California ilipanua sheria ya Coogan ili iwafikie pia watoto wanaoonyeshwa katika intaneti. Swali lililoulizwa mahakamani mwaka 1938 ndilo lile lile linaloulizwa leo.

Je, Shirley aliwashitaki wazazi wake? La hasha. Hakuwashitaki, wala hakusema neno hadharani maadam walikuwa hai. Wapo watakaomwona mjinga. Mimi naona alipima vitu viwili, akajua kipi anaweza kukirudisha na kipi hawezi. Aliwalea watoto wake watatu bila ya kumpeleka hata mmoja katika dansi ya kulipwa akiwa na miaka mitatu.

ACCRA

Sehemu ya pili ya maisha yake huandikwa kwa ufupi na waandishi wengi, kana kwamba mtu aliyekuwa mtoto mashuhuri hana haki ya kuwa mtu mzima. Aliingia siasa katika chama cha Republican, na mwaka 1967 aligombea kiti cha Bunge akashindwa ndani ya chama chake mwenyewe. Wasomaji wengi wa gazeti hili hawatakubaliana na siasa zake, hasa msimamo wake wa kuunga mkono vita vya Vietnam, nami sikubaliani nazo. Inasimuliwa kwamba Henry Kissinger alimsikia katika karamu akizungumza juu ya Namibia, wakati huo ikiitwa Afrika ya Kusini-Magharibi, akashangaa kwamba mwanamke yule anaijua. Mwaka 1969 Rais Nixon alimtuma katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1972 aligunduliwa kuwa na kansa ya titi. Desturi ya madaktari wa wakati huo ilikuwa kumlaza mgonjwa usingizi, kumpima, na kama kansa ikionekana, kukata papo hapo, hata mwanamke akaamka amekwisha poteza titi bila ya kuulizwa. Shirley alikataa. Alitaka apimwe kwanza, aamke, aambiwe, kisha aamue mwenyewe. Baada ya operesheni alizungumza na waandishi wa habari kutoka hospitali na kuwahimiza wanawake wasione haya kujichunguza. Katika miaka ile ugonjwa huo ulitajwa kwa minong'ono. Barua zilimjia kwa maelfu.

Mwaka 1974 Rais Ford akamteua kuwa balozi nchini Ghana, iliyokuwa chini ya Kanali Ignatius Acheampong tangu mapinduzi ya Januari, 1972. Kulikuwa na watu, Washington na Accra, walionung'unika kuwa Afrika imeletewa mdoli. Kazi haikuwa nyepesi. Aprili, 1976, Kissinger alipozunguka Afrika, akafika hata Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere, Ghana ilifuta ziara yake dakika za mwisho ikieleza kuwa Acheampong ni mgonjwa. Balozi ndiye aliyebaki kulimeza jambo hilo. Aliondoka Accra mwaka huo na kuwa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha Mkuu wa Itifaki wa Marekani.

Na bado ilikuwapo safari moja. Agosti, 1968, alikuwa Prague kwa mkutano wa vyama vinavyoshughulikia ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliompata kaka yake, na usiku vifaru vya Kisovieti vikaingia mjini. Kutoka hotelini alimwona mwanamke akipigwa risasi barabarani. Agosti, 1989, miaka ishirini na mmoja kamili baadaye, alirudi katika mji huo huo akiwa balozi. Miezi mitatu haikupita, umati ukajaa katika viwanja, na kabla ya mwaka kwisha Václav Havel akawa rais. Shirley alikaa huko mpaka mwaka 1992.

Mumewe alifariki mwaka 2005. Yeye alifariki tarehe 10 Februari, 2014, nyumbani kwake Woodside, California, akiwa na miaka 85. Sanamu ile aliyopewa akiwa mtoto ilikuwa ndogo kuliko za wakubwa. Mwaka 1985, alipokuwa na miaka 57, Academy ilimpa ya ukubwa kamili.